Barua Yenye Haina Amuri

Papa Jules alishika biki nyekundu, akazungushia maneno mu barua yangu mara kumi na moja. Kisha akainua kichwa, akanitazama sawa munganga mwenye amepata minyoo mu tumbo ya mugonjwa.

"Evode," akasema, "mistari kumi na ine, amuri kumi na moja. Hii si barua ya bwana kwa bibi yake. Hii ni barua ya komanda kwa basoda."

Wanaume ishirini na mbili wakacheka. Mu gereza watu hawana kazi, kucheka njo mazoezi ya mwili. Mimi sikucheka. Hasira yangu haibishe hodi, inaingia na viatu. Nikamwambia: "Onyesha! Fasi gani nimeamuru?"

Akasoma kwa sauti mbele ya wote. "'Usiende soko ya Sake. Usiuze maziwa kwa mutu mwenye simujui. Kaka Kanyamibwa akikuja, umupe kiti. Usitoke mu nyumba...'" Akaendelea vile mpaka mwisho kabisa, kwenye niliandika: "'Ubakie na amani.'" Hata ile amani aliizungushia. "Hata amani unamuamuru," akasema. "Siku moja akikosa amani, utamupiga?"

Jibu ilikuwa ndiyo. Nilishamupiga juu ya mambo midogo kuliko ile.

Mimi ni mulimaji wa Kibabi, huku Masisi. Baba yangu alilima ile kilima, na babu yangu pia. Niliingia mu hii gereza, hii nyumba ya matofali juu ya Sake, kwa sababu ya vidole mbili, na vidole yenyewe si yangu. Siku ile nilikuwa natoka shamba, nikapita kwenye wanauza kasiksi, pombe ya ndizi, nikunywe kidogo. Mutu mumoja akasema mbele ya watu: "Kwa Evode, bibi njo anapanga bei ya maharagi." Wazee wetu walituachia neno: nyumba kwenye sauti ya mwanamuke inasikika, upanga njo unajibu. Basi upanga wangu ukajibu. Yule mutu alipoteza vidole mbili, mimi nikapata miaka tatu. Na sitadanganya: mwaka wa kwanza muzima nilitembea mu hii gereza kifua mbele. Nilijiambia nimelinda jina yangu.

Papa Jules hakuwa mwalimu wa kusomea. Yeye ni Munande wa Butembo, mufanyabiashara mwenye tumbo kubwa, iko na duka pale Sake, na mbele njia haijakatika alikuwa na gari mbili zinaenda Walikale. Parokia yake njo ilimutuma kutufundisha kila siku ya tatu. Yeye aliita ile kazi Shule ya Wanaume. Sisi tuliiita vitu vingine. Alitufundisha kupika, kufua, kusema "nimekosa" bila kuongeza "lakini wewe pia". Bienvenu, kapita wetu, mukubwa wa wafungwa mu gereza, mutu wa Itebero mwenye mabega sawa mulango, alimuambia siku ya kwanza: "Papa, nililetwa huku siku ine kwa miguu, kamba ku mikono. Na sasa unataka nifue kaputula?" Papa Jules akamujibu: "Ile kaputula inanuka, Bienvenu. Ungefua hata bila mimi." Tangu siku ile wakawa marafiki, na Bienvenu akawa mupishi wa chungu ya wote.

Sasa, ile mambo ya barua. Papa Jules alisema kila mwanaume aandikie bibi yake barua yenye haina amuri hata moja. Niliona ni mchezo wa watoto. Nikaandika ya kwanza, kumi na moja. Nikaandika ya pili, saba. Na katikati ya ya pili na ya tatu, vita ikafika, na mchezo ukaisha.

Tuliiona kwanza ku barabara. Watu walianza kupita chini ya gereza, godoro ku kichwa, mbuzi ku kamba, wamama na mizigo ku mugongo na kamba ku kipaji. Tuliwauliza kupitia dirisha: munatoka wapi? Wakasema Walikale. Siku mbili kisha wakasema Katoyi. Bienvenu akawauliza juu ya Itebero, wakatikisa kichwa, akarudi kwa chungu yake. Mimi nikahesabu vilima. Kutoka Katoyi mpaka Kibabi si mbali. Vita ikitembea polepole, siku tano, sita. Na bibi yangu Dancille alikuwa Kibabi na watoto tatu, na hakuweza kutoka, juu mimi njo nilimufunga pale.

Nieleze muzuri, mutu asipotee. Siku ile polisi walikuja kunichukua, nilisimama mbele ya wanaume wa ukoo yetu, nikasema: "Dancille asitoke mu hii nyumba hata siku moja mpaka nirudi. Akifunga huu mulango, amefunga na ndoa." Kwetu, neno ya namna hiyo ikisemwa mbele ya wanaume, mutu mwingine hawezi kuivunja, ni mwenyewe tu. Na bibi akiivunja, anaenda mikono mitupu: watoto wanabaki kwa ukoo. Juu ya nini nilisema vile? Wivu. Iko muzuri, mwenye kutembea, mwenye kucheka na watu ku soko. Nilikuwa na wivu, basi, hakuna kitu kingine. Na kaka yangu Kanyamibwa, mukubwa wangu, njo aliyebaki kulinda ile neno. Kila asubui anapita kuangalia kama bibi yangu iko.

Nisimuseme vibaya kaka. Baba alikufa nikiwa na miaka sita, Kanyamibwa njo alinilea. Na mu gereza yetu serikali haileti chakula, mutu anakula yenye watu yake wanamuletea. Kila yenga ya pili, ni kusema kila wiki mbili, kaka alitembea kutoka Kibabi na unga na maharagi ku kichwa. Nilikuwa hai juu ya mukono yake.

Nikamwambia Papa Jules ile mambo yote, mbele ya darasa, bila kuficha. Simu hazikupita tena, antene ya kule ilichomwa. Kaka angekuja kisha yenga moja, na yenga moja ilikuwa mingi. Papa Jules akanipa karatasi. Nikaandika: "Dancille, kimbia leo leo, chukua watoto, pitia njia ya juu, nenda Goma."

Akachukua biki nyekundu.

"Ah, Papa!" nikapiga kelele. "Hii ni amuri ya muzuri! Nataka waishi!"

"Najua unataka waishi," akasema, na hakucheka. "Lakini njia ya juu, nani anakaa pale leo? Wale wa musitu ao basoda? Mutoto wako wa mwisho, iko na homa ao hana? Wewe uko huku, unaangalia ukuta. Yeye njo anaona. Utamuamuru apite fasi yenye hauoni, na atatii, juu umemufundisha kutii. Watakufa kwa utii."

Ile neno ilinipiga. Nilikaa chini ku ukuta mpaka darasa ikaisha, karatasi ku magoti. Ya ine niliandika peke yangu, na sikumuonyesha kwanza. Ilikuwa fupi. Niliandika: "Dancille, ile neno nilisema mbele ya wanaume, nimeiondoa. Niko mbali, sioni yenye unaona. Wewe unaona je? Unataka kwenda wapi? Mimi naweza kukusaidia namna gani? Evode."

Papa Jules aliisoma mara mbili. Biki haikugusa karatasi. Mimi nilijisikia sawa mutu mwenye wamevua suruali yake katikati ya soko. Nilitaka kuipasua. Lakini nilikunja karatasi, nikaipatia Uwizeye, mutu wa piki mwenye kupanda Kibabi kila mara kuchukua fromage, jibini ya kule, ya kuuza Sake. Nikamwambia: "Kwa mukono wa Dancille mwenyewe." Akaenda.

Siku ikapita, ya pili, ya tatu. Uwizeye aliporudi alisema barua imefika, na kwamba Dancille hana kusoma muzuri, kaka Kanyamibwa alimuita katekista aisome. Nikauliza: walisema nini? "Walinyamaza," akasema Uwizeye. "Kisha mama mumoja akaanza kulia. Mimi nilikuwa na fromage ku jua, nikaondoka." Sikuelewa. Nikafikiri labda ni furaha.

Siku ya darasa ikafika tena, tukawa wote ku baraza. Mvua ilikuwa imeacha kunyesha sasa hivi. Mulinzi wa mulango akaita: "Evode! Watu yako wamekuja kuchukua maiti."

"Maiti ya nani?"

"Yako," akasema. "Wanauliza uko kwenye chumba gani."

Nikasimama, na kwenye mulango nikamuona Dancille. Amenyoa kichwa. Kamba ya matanga ku kiuno, mutoto wetu wa mwisho ku mugongo, miguu matope mpaka magoti. Nyuma yake kaka Kanyamibwa na shuka nyeupe, mupya, imekunjwa muzuri chini ya kwapa, na gunia ya unga ku kichwa, ya kulisha watu wa mazishi. Dancille aliponiona, akakaa chini mu matope, pale pale, na mutoto ku mugongo.

Ningefurahi. Mutu mwenye akili angefurahi. Bibi yangu alikuwa hai mbele yangu, ametoka mu hatari, ile kitu nilikuwa naomba kwa Mungu siku nane. Na unajua neno gani ilitoka mu kinywa yangu? Ilitoka yenyewe, sawa kikohozi:

"Nani alikuambia utoke mu nyumba?"

Wanaume wote wakaangalia chini. Bienvenu akasema polepole, "Aa, Evode. Aa." Nilitaka ardhi ifunguke.

Lakini kaka Kanyamibwa! Kaka alitupa gunia chini, akainua mikono juu, machozi ikamutoka na kicheko pamoja. "Ni yeye! Mungu asifiwe, ni yeye kabisa! Niliwaambia, niliwaambia wote, ile barua si ya Evode mwenye iko muzima!" Akanikumbatia mpaka mifupa ikalia. "Ndugu yangu, tulikulia siku tatu. Katekista amesoma 'unaona je', watu wote wakashangaa. Evode anauliza? Tangu azaliwe hajauliza mutu hata njia! Wengine wakasema: wamemuua, na sasa mwizi anaandika ili nyumba ibaki tupu. Mimi nikasema: hapana, iko anakufa, mutu akikaribia kufa roho inalainika, anaaga watu. Barua imefika, yeye amekwisha kufa. Tukakaa matanga. Tumekula mbuzi yako ile ya madoa."

"Mumekula mbuzi yangu?"

"Tumekuheshimu," akasema kaka. Kisha akapanguza macho, akageukia Dancille. "Basi. Umesikia amuri yake kwa masikio yako. Simama, turudi Kibabi. Leo tutafika mbele ya giza."

Njo pale nikaelewa yenye nilifanya. Barua yangu ilikufa, na ile neno yangu moja ya bure, ya hasira, imefufua amuri ya zamani. Nikauliza juu ya wasichana yangu: "Kétsia na Blandine wako wapi?"

"Wako kwangu, kwa bibi yangu," akasema kaka. "Nyumba ya mutu haiachwe bila damu yake."

"Na bunduki?"

"Jana zililia upande wa Katoyi. Si karibu sana." Lakini hakuniangalia mu macho akisema vile. Wasichana yangu wawili, mumoja miaka tisa na mumoja sita, walikuwa Kibabi, na mama yao ataamuriwa kurudi kukaa nao kungojea vita ku mulango, juu ya mudomo yangu.

Nikamuangalia Papa Jules. Nilitaka aseme, yeye ni mutu wa maneno. Alifunga kaye, daftari yake, akaiweka ku magoti. Basi nikatoka ku baraza, nikaingia mu matope, nikachuchumaa mbele ya Dancille mpaka macho yetu ikawa sawasawa. Miaka kumi na moja ya ndoa, sijawahi kusema naye nikiwa chini vile.

"Barua ni yangu," nikamwambia. "Niliiandika mara ine mpaka ikatoka. Yenye nimesema sasa hivi ku mulango, nimekosa." Ile "lakini" ilifika ku ulimi, nikaimeza. "Unaona je, Dancille?"

Mutoto ku mugongo alianza kulia, akamutikisa bila kutoa macho kwangu. "Unaniuliza kweli," akasema, "ao ni somo ya huyu Papa?"

"Somo ni yake. Swali ni yangu."

"Basi nitajibu, na usinikate." Akapumua. "Nataka kuchukua wasichana yangu, leo, kesho tutakuwa tumechelewa. Nataka kushuka nao Bweremana kwa tantine Joséphine-Marie, ndugu ya mama yangu, njia ya ziwa ingali wazi, nimeuliza watu. Hiyo ni moja. Ya pili: siahidi kama nitakungojea."

"Yewe!" kaka akapiga kelele. "Munasikia?"

"Sijamaliza," akasema Dancille, bado kwangu, si kwake. "Waliponiambia umekufa, nililia, Evode. Nililia kweli, wewe ni baba wa watoto yangu. Lakini kisha kulia nikalala. Nililala usiku muzima. Sikusikiliza kama kuna miguu inakuja ku mulango. Miaka kumi na moja sijalala vile."

Mungu wangu. Nimepigwa na fimbo, nimepigwa na polisi, sijawahi kuumia vile. Na hasira ikaja, njo kawaida yake, ikapanda kutoka tumboni mpaka ku mikono. Niliona mikono yangu inafunga. Niliiweka mu matope, yote mbili, nikakaza vidole mu udongo, nikangoja. Ilipita. Haikupita haraka, lakini ilipita. Nikasema: "Nimesikia."

Kaka Kanyamibwa hakuamini. "Umesikia nini? Anakuambia anafurahi ukikufa, na wewe uko chini sawa chura! Simama, umufundishe!" Sikusimama. Akasema kwa sauti ya mukubwa wa ukoo: "Sawa. Yeye aende kwenye anataka. Watoto wanarudi Kibabi, hata huyu wa mugongo. Watoto ni wa ukoo. Neno ilisemwa mbele ya wanaume." Na akanyoosha mukono kwa mutoto.

Dancille akafunga mikono nyuma, akamushika mutoto. Hakulia. Akaniambia, polepole, kila neno peke yake: "Evode. Ile sauti yako kubwa, nimeibeba miaka kumi na moja ku masikio. Leo iseme na yeye."

Mutu wa kwetu anajua vile ilikuwa nzito. Mudogo haamuru mukubwa. Mukubwa mwenye alikulea, mwenye alilipa ngombe za ndoa yako, mwenye anakulisha, unaweza kumuomba, unaweza kumulilia, unaweza hata kumukimbia. Kumuamuru ni kumuzika. Nikasimama.

"Kaka," nikasema, "rudisha mukono."

Akacheka. "Sikio haipite kichwa, Evode."

"Rudisha mukono!" Na sauti ikatoka, ile ile, ya shamba mpaka shamba. Walinzi walikuja kuangalia. "Ile neno ya kumufunga Dancille niliisema mbele ya wanaume, na naivunja mbele ya wanaume. Hawa ishirini na mbili ni mashahidi. Iko huru kutoka, iko huru kwenda, na watoto tatu wanaenda naye. Wewe hutamuzuia, na bibi yako atamupatia Kétsia na Blandine leo. Sikuombi, kaka. Nakuamuru."

Sura yake ikabadilika. Haikuwa hasira kwanza. Ilikuwa sura ya mutu mwenye mutoto yake amemupiga. "Nilikubeba ku mabega," akasema. "Baba alipokufa, nilikubeba ku mabega mpaka misa."

"Najua, kaka."

"Na nani atakuletea chakula? Bado uko na karibu miaka miwili mbele! Nani? Huyu?"

Nikamuangalia Dancille. Ndiyo, nilimuangalia, nisijifanye mutakatifu. Nilingoja aseme "mimi". Alikuwa anafunga vizuri kitambaa ya mutoto.

"Sijui nani," nikamujibu kaka. "Lakini amuri njo hiyo."

Papa Jules akafungua kaye sasa, akaandika maneno yangu sawa nilivyosema, na wanaume wakapanga mustari. Bienvenu alipaka wino ya biki ku kidole, akaweka alama yake ya kwanza, kisha wengine: wezi wa ngombe, wapiga watu, mumoja mwenye aliua. Karatasi ilijaa vidole. Dancille akaikunja, akaiingiza ndani ya nguo, karibu na mutoto. Kaka aliokota gunia yake ya unga, akaokota shuka. Akasimama kidogo, labda alingoja nimuite. Nilitaka kumuita, Mungu anajua. Kisha akatoka, akaelekea njia ya Kibabi bila kugeuka.

Uwizeye alikuwa inje na piki, tayari kupanda. Alisema atamufikisha Dancille mbele ya kaka, juu kaka iko kwa miguu. Dancille akapanda, mutoto katikati. Nikamufuata mpaka kwenye mulinzi alinizuia. Nilikuwa na maneno mingi mu kinywa, angalia njia, funika mutoto, usizungumuze na mutu, zote amuri. Nilizimeza moja moja.

"Naweza kukuja Bweremana nikitoka?" nikauliza.

"Nikitaka, nitakuita," akasema. "Usikuje mbele sijakuita."

"Ndiyo," nikasema. Uwizeye akawasha piki, wakaenda.

Siku ya tano Uwizeye alipita na hakuwa na fromage. Kibabi ilikuwa imewaka asubui ile, nyumba yangu pia, na shamba ya maharagi ya baba. Nikamushika shati: "Watoto?" Akasema aliwaona siku ya ine ku barabara ya ziwa, wamepita Sake, Kétsia mbele na chungu, Blandine ameshika nguo ya mama, na mudogo ku mugongo. Kaka hakuwazuia. Alimupatia Dancille wasichana bila neno, akabaki kulinda nyumba yangu peke yake mpaka moto, kisha akakimbia. Iko hai, iko mu kambi chini ya shitingi, turubai ya wakimbizi. Nilimuandikia mara tatu, kila barua yenye haina amuri. Hajanijibu. Nalia juu yake kuliko nyumba.

Nikamuuliza Uwizeye: "Dancille aliuliza habari yangu?"

"Hakuuliza," akasema. Ni mutu wa ukweli, Uwizeye. "Aliuliza kama daraja iko nzima."

Nikasema aksanti.

Sasa nakula chungu ya wote, mara moja ku siku, na siku zingine hata ile haiko. Nimekonda, Bienvenu ananiita kijiti. Naosha chungu, napika, kila siku ya tatu nakaa mbele, na wapya wakiingia wakicheka juu ya Shule ya Wanaume, mimi njo Papa Jules ananituma niseme nao, juu najua vile wanasikia. Wananiuliza nikitoka nitafanya nini. Nawaambia nitashuka Sake, nitatafuta kazi ya kubeba mizigo ku soko, na kutoka pale mpaka Bweremana si mbali, hata kwa miguu mutu anafika siku ile ile. Hajaniita bado. Asiponiita, nitabaki Sake.